Mlango Uliofungwa Mchana

Tangazo lilisema "studio". Mimi niliyekulia Kigoma, studio ninayoijua ni ile vijana wanakokwenda kurekodi nyimbo na kurudi wamevaa miwani ya jua hata usiku. Kwa hiyo nilipoliona kwenye simu nilicheka peke yangu. Studio ya kupanga kwa siku au kwa wiki, Baraka, mtaa wa zamani, karibu na maji, utulivu. Picha ilionyesha kitanda, dirisha lenye pazia la manjano, na nje ya dirisha kipande cha ziwa. Nilikitazama sana kile kipande. Lilikuwa Tanganyika lile lile ninalofulia nguo na kununulia samaki, ila mara hii lilikuwa limepigwa picha kutoka upande wa mama yangu.

Mama alizaliwa Baraka, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, katika mtaa huo huo wa zamani. Vita vilipofika alivuka akiwa na mimi tumboni, akanizaa Kigoma, na hakurudi tena. Alikuwa mkali wa ulimi, mtu wa kugombana hata na redio, lakini jua likianza kushuka alinyamaza. Siku ambazo hakuna ukungu, milima ya Kongo huonekana kutoka Kigoma, ya buluu, na jua huzama nyuma yake. Mama alikuwa akitoa kiti chake nje, anakaa, anaitazama mpaka giza linaifuta. Jioni moja, bila kugeuka, aliniambia kwa Kiswahili chake cha kule, ambacho miaka yote ya Kigoma haikukinyoosha: "Siku nitakufa, munizike penye mutataka. Lakini munililie Baraka."

Tulimzika Kigoma. Majirani walitulilia vizuri, sina la kuwalaumu. Walikuja na mikeka na kuni, wakapika, wakalala kwetu mpaka tukaondoa matanga. Lakini neno la mama lilibaki bila kutimizwa. Mvua zikanyesha zikakatika, zikaja nyingine, na kila jioni nilipokiona kile kiti chake mlangoni nilijisikia mtu aliyetumwa dukani akakaa njiani.

Shida ni kwamba kilio hakiombwi. Kwa jirani unaweza kuazima chumvi, kiberiti, hata sufuria ya kupikia harusi, lakini huwezi kubisha hodi kwa mtu usiyemjua ukamwambia samahani, naomba unililie mama. Alihitajika mtu aliyemjua. Nilijiambia hata mmoja angetosha, bibi mmoja wa kusema ah, yule, na kushika kichwa. Ningekaa naye chini, tungelia wawili, na mama angekuwa amefika kwao. Ndiyo sababu nilijibu lile tangazo.

Nilivuka kwa boti. Kushuka Baraka, nikiruka kutoka ubaoni kwenda mchangani mbele ya watu wote, zipu ya sketi yangu ilikatika. Juu kabisa kwenye begi kulikuwa na kitenge cha mama, nikakivuta, nikajifunga kiunoni, nikaendelea na safari kana kwamba ndivyo nilivyokusudia. Baadaye ningeweza kubadilisha, lakini sketi nyingine nilizobeba zilikuwa za kubana, na joto la pale halitaki maringo. Kitenge kikabaki kiunoni.

Mwenye nyumba alinipokea uani. Alikuwa mama mtu mzima, mwembamba, anayetembea haraka kuliko anavyosema. Alinionyesha kila kitu kwa kidole, hata mabati ya paa, ambayo kwao ni manjanja.

"Karibu, mama. Chumba ni hii. Maji iko ku pipa. Taa ni ya jua, ile kintu yake iko kule juu ya manjanja. Mbabula ni hii, makaa iko ndani ya mufuko. Na mulango, mama, muchana uache wazi."

"Nisifunge?"

"Usiku, funga. Muchana, hapana."

Nilidhani ni mambo ya unyevu, kuta za zamani zinataka hewa. Nikaitikia kama mtu anavyokubali masharti ya simu bila kuyasoma. Aliponiuliza nimekuja kufanya nini, nilimjibu nimekuja kupumzika. Ningesema nini kingine?

Nyumba njema si mlango, na mimi naongeza kwamba si picha ya simu pia. Pazia la manjano halikuwepo. Kipande cha ziwa kilikuwepo, ila ili ukione ulipaswa kusimama juu ya kitanda na kupinda shingo. Hata hivyo nilikipenda chumba kile tangu nilipoingia. Nyumba zenyewe zilijengwa zamani na wafanyabiashara waliovuka ziwa, zina kuta za udongo nene kuliko urefu wa mkono wangu, na veranda pana zinazoegemeana mtaa mzima. Baadaye chumba changu kilikuwa ghala la mawese. Mchana jua likipiga ukuta wa nyuma, udongo ulitoa harufu ile nzito ya mafuta mekundu, na nilipofumba macho nilisikia njaa ya utotoni ambayo haikuwa ya utoto wangu. Juu ya mlango palikuwa na matofali yenye matundu. Mwanga uliingia kwa matundu hayo ukachora nyota sakafuni, nazo zilitambaa polepole kutoka asubuhi hadi jioni, zikapanda ukuta, zikaisha.

Kitanda kilikuwa kizuri kwa macho tu. Kila nilipogeuka kililia. Usiku wa kwanza nikavuta godoro chini, karibu na mlango, ambako saruji ilikuwa ya baridi, nikalala vizuri sana. Likabaki huko. Na mbabula, lile jiko lao la makaa, lilinishinda. Mimi ni mtu wa gesi siku hizi. Nilipuliza mpaka macho yakawa mekundu, nikanawa uso, nikaenda kununua mkate na ndizi.

Kisha nikaanza kumtafuta mama. Nilikwenda sokoni, kwenye uwanja wa kanisa, ufukweni wanakoshona nyavu. Nilitaja jina lake, jina la baba yake, mahali walipokuwa wakikaa. Watu walinisikiliza kwa adabu, wakatikisa kichwa. Wengi walikuwa wamekuja baada yake, kutoka milimani, kutoka Nundu, kutoka Burundi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, alinisikiliza mpaka mwisho, mkono ukiwa bado kwenye beseni, kisha akacheka kwa huruma. Lafudhi yake ilikuwa ya Kirundi.

"Dada, mi mwenyewe ni mugeni. Unaniuliza njia na mi nimepotea!"

Mzee mmoja mshona nyavu alisema watu wa ukoo huo walitawanyika. Kuna waliofuata dhahabu upande wa Lulimba, kuna waliopanda Fizi. Nikapanda Fizi kwa pikipiki. Huko juu kuna baridi na ukungu, na nyumba za matofali za wakati wa Wabelgiji zimekaa kimya kati ya miti, milango yao imepakwa rangi juu ya rangi. Nilielekezwa hadi kwenye kiwanja walichohamia. Kilikuwa shamba la muhogo. Mwanamke aliyekuwa akilima alisimamisha jembe, akanisikiliza, akaniambia pole, akanipa hindi la kuchoma bado la moto, akarudi kwenye tuta lake. Nilikula lile hindi nyuma ya pikipiki, nikishuka na ukungu, na nilikuwa nimekasirika.

Nilimkasirikia mama. Ungesema nikulilie chini ya kitanda, ningeweza. Ungesema nikulilie jikoni. Unanituma kulia kwa watu ambao hawapo, katika mji ambao hata mbwa wake hawanijui! Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, wanasema, lakini hawasemi utafanya nini ukirejea ukakuta ngama yenyewe imelimwa muhogo. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango. Ilikuwa mchana, jua kali, na sikuukumbuka kabisa ule mlango wa kuachwa wazi. Nikajitupa kwenye godoro na kitenge changu kiunoni.

Nililala siku hiyo na iliyofuata, usingizi ule usio na sakafu. Nilizinduka, nikaziona nyota za matofali zikiwa ukutani, nikalala tena, nikazikuta sakafuni. Sauti za uani ziliingia kupitia udongo mnene zikiwa zimepungua maneno: mtu anafua, mtu anatwanga, kuku analalamika. Nikaota mama anafagia ule ua. Alifagia akirudi kinyumenyume, kama alivyofanya siku zote, akifuta nyayo zake mwenyewe, na kila alipofika mlangoni pangu aligeuka. Nilitaka kumwita ila kinywa kilijaa mkate. Katika ndoto nyingine ziwa lilikuwa limekauka na watu wa Kigoma wanakuja kwa miguu, kila mmoja na kiti chake. Niliamka na raha, halafu nikakumbuka, raha ikaondoka.

Jioni ile ya pili, jua likiwa bado juu ya paa, mlango ukagongwa.

Nikafungua. Mwenye nyumba alikuwa mbele, na nyuma yake wanawake wamejaa ua. Nilimtambua yule muuza sombe, ana mzigo wa kuni kichwani. Mwingine alibeba dumu la maji, mwingine beseni la unga limefunikwa kitambaa. Hakuna aliyesalimia. Walinipita, wakaweka vitu vyao ukutani, wakakaa sakafuni, migongo kwenye ule udongo mnene, miguu imenyooshwa, mpaka chumba kikajaa na waliobaki wakakaa verandani. Mwenye nyumba alinishika mkono akanikalisha kwenye godoro langu.

"Mutoto wangu," akasema, na hakuwa ameniita hivyo kabla, "nani amekufa?"

Sikuelewa.

"Mulango umefungwa muchana. Jana, na leo." Akaligonga godoro kwa kiganja. "Matela iko chini. Mbabula baridi, tangu ulifika haiyawaka hata siku moja. Siku ya kwanza macho mekundu. Na kitenge ku kiuno. Ulizani hatuone?" Akanitikisa mkono kidogo, kwa hasira ya upole. "Unalia peke yako sababu ya nini? Hapa muntu haliake peke yake."

Kwao ndivyo mfiwa anavyokaa. Analala chini, hapiki, anajifunga kitenge kiunoni. Na nyumba inayofungwa mchana ni nyumba ambayo kuna jambo ndani yake, ndiyo maana mtu mzima na afya yake anauacha mlango wazi, majirani waone kwamba yupo na wasihangaike. Mimi, kwa zipu iliyokatika, kitanda kinacholia na jiko lililonishinda, nilikuwa nimetangaza msiba mtaa mzima.

Nilikuwa karibu kucheka. Neno zipu lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini nilipofungua kinywa likatoka jingine.

"Mama," nikasema. "Mama yangu amekufa."

Guno likapita chumbani. Wanawake wakaanza kusogeleana, na hapo nikaogopa, kwa sababu sikutaka kuwaibia machozi. Nikawaambia kila kitu. Kwamba ni zamani. Kwamba amezikwa Kigoma, na kaburi lake limeshaota majani. Kwamba alizaliwa hapa, katika mtaa huu, na aliomba aliliwe hapa, na nimezunguka mpaka Fizi bila kumpata mtu hata mmoja aliyemjua. Nilipomaliza, muuza sombe alizitazama kuni zake. Nilijua wangeweza kunyanyuka, na wangekuwa na haki. Kuni zina kazi nyingine.

Mwenye nyumba hakuuachia mkono wangu.

"Mi natoka Makobola," akasema.

Hakuna aliyeuliza. Jina la kijiji hicho tulilisikia hata Kigoma, watu waliuawa huko kwa wingi wakati wa vita. Nje kuku alipita verandani, mtu akamfukuza kwa mguu.

"Siye tulikimbia," akaendelea baadaye. "Hatukukaa chini. Hatukulia muntu. Nilikuja kulia kisha, hapa, ndani ya hii chumba, miaka ilikuwa imepita. Bamama ba hapa banakuja, banakaa vile tunakaa leo, na habakujua bantu bangu hata mumoja. Maiti ndiyo inaozaka, mutoto wangu. Kilio haiozake."

Kisha akavuta kitenge chake, akakaa vizuri. "Sasa tuambie. Alikuwa wa namna gani? Tusilie muntu hatujue."

Nianze wapi? Mtu hajiandai kuulizwa hivyo. Nilisema la kwanza lililokuja, kwamba alitia chumvi nyingi mno. Baba alikuwa akilalamika maisha yake yote, na mama alimjibu kwamba chakula kisicho na chumvi ni dawa, na yeye si mgonjwa. Mtu akacheka verandani. Nikaongeza kwamba aligombana na redio, anamkatiza msomaji wa habari katikati ya sentensi na kumwambia rudia, unasema uongo. Kwamba hakupenda paka. Kwamba aliimba akichambua mchele, akakosea wimbo ule ule mahali pale pale, mwaka hadi mwaka, na ukimsahihisha anakwambia uende ukachambue wewe. Walicheka sasa wote, hata mwenye nyumba, na mimi nikacheka. Nikawaeleza na kile kiti mlangoni, na milima ya buluu, yaani hii hapa juu yetu. Kicheko kikapungua, kikapungua, mpaka mmoja wao, sijui nani, akainua sauti.

"Ee mama wa chumvi! Umeenda, nani atatutilia chumvi?"

Na ile sauti ikapokewa. "Ee mama, umekaa ku kiti muda gani, hatukukuona! Ee mama, rudi, redio inasema bongo, inadanganya!"

Nilikuwa nimelia Kigoma, nilidhani nimemaliza. Sikuwa nimeanza. Nililia nikiwa nimelala kifudifudi kwenye godoro la kupanga, na mikono ya watu nisiowajua mgongoni, na nilimwambia mama waziwazi kwamba tumefika, si unawasikia, tumefika. Muuza sombe alilia kwa Kirundi. Mama yake mwenyewe alibaki kule, aliniambia baadaye, na hakuwahi kumkalia chini. Kila mmoja alimpitisha wa kwake nyuma ya mama yangu, na nafasi ilitosha.

Giza lilipoingia waliwasha moto uani, wakapika bugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mtu alitia chumvi kupita kiasi, makusudi. Tulikula tukikunja nyuso, na hakuna aliyebakiza.

Asubuhi walinipeleka ziwani kunawa. Maji yalikuwa ya vuguvugu kuliko hewa. Tuliporudi walifagia majivu, wakabeba madumu yao, wakaniaga mmoja mmoja na kwenda kazini kwao. Mwenye nyumba alilirudisha godoro kitandani kwa mikono yake, akalipigapiga, kisha akaufungua mlango mpaka ukagonga ukuta. Niliishi humo siku zangu zilizobaki mlango ukiwa wazi. Watu walipita, wakachungulia, wakasema neno, wakaenda. Alinifundisha hata kuwasha mbabula. Siri yake ni kuanza na makaa madogo na kutokuwa na haraka, mambo mawili ambayo sikuyarithi.

Siku ya kuondoka dhamiri ilinisumbua. Nikamwambia ukweli wa zipu, wa kitanda, na wa yale macho mekundu ya moshi. Alinisikiliza huku akifunga ufunguo wa chumba kwenye pindo la kitenge chake.

"Na zipu ingekuwa muzima," akaniuliza, "ungetuambia?"

Alinishika mabega, akanigeuza kuelekea ziwani, akaniambia boti haingoje muntu.

Ufukweni wanawake walikuwa wakianika ndagala, wameinama, wanazitandaza mchangani kwa viganja, na jua la asubuhi linang'aa juu ya samaki wale wadogo mpaka macho yanauma. Nilipita kando na begi langu. Mmoja ambaye sikuwahi kumwona alinyanyuka, akaziba jua kwa mkono, akanitazama kuanzia miguu.

"Ule ni nani?" akawauliza wenzake. "Ni mugeni?"

Muuza sombe alikuwa hapo, beseni lake kichwani, anasubiri wateja wa boti. Hakugeuka hata kunitazama.

"Mugeni wapi! Ule ni mutoto wa Mama Chumvi," akasema. "Ni wa hapa ku mutaa."

"Ah, wa Mama Chumvi," yule mwingine akasema, na akainama tena kwenye ndagala zake.